Kriketi ya kwenye runinga: kurusha tunakupenda, kupiga kunatushinda

Mwana wa Barani (Malindi) aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina swali kuhusu mchezo wa video wa kriketi, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu wengi wetu tunaocheza gemu huku Pwani tumezoea kandanda, na sina jirani wa kumuuliza.

Miezi saba iliyopita kaka yangu alituletea kutoka Mombasa mashine ya gemu iliyotumika pamoja na diski mbili, moja ya kandanda na moja ya kriketi. Ile ya kandanda iliazimwa na watoto wa jirani siku ya pili, na haijarudi mpaka leo. Ya kriketi ingekaa kwenye kasha lake lau si ami yangu, ambaye ujanani mwake alicheza kriketi Mombasa, kwenye viwanja vya kutandikwa mkeka mnene katikati, na tangu ahamie Malindi kufungua duka la nyavu na kamba hajashika gongo tena. Usiku ule tulipoiweka, mrushaji wa kwanza alionekana akirudi nyuma kwenda kuanza mbio zake, huku akiusugua mpira kwenye suruali upande mmoja tu. Ami alikiweka chini kikombe cha kahawa, akasogea mbele ya kiti, akasema, "Hawa wanajua wanachokifanya." Tangu hapo hatujalala mapema.

Uzuri wa mchezo huu uko kwenye kurusha, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Unachagua mpira udunde wapi, karibu na miguu ya mpigaji au mbali naye. Unachagua upinde upande gani. Unawapanga walinzi wa uwanja mmoja mmoja. Na mpira mpya hupinda hewani kwa namna ambayo mpira uliochakaa haupindi. Ami ana mtego wake mmoja. Hurusha mipira mitano inayotoka nje ya wiketi, zile nguzo tatu anazozilinda mpigaji, yote mahali pamoja, mpaka mpigaji wa mashine anaanza kuinyooshea mikono, kisha wa sita anauingiza ndani na nguzo ya katikati inang'oka. Huo si ujanja wa vidole tu, ni fikra, na sijaona gemu nyingine inayomlipa mtu kwa subira kiasi hicho.

Tatizo ni kupiga. Warushaji wa taratibu tunawamudu, tena vizuri. Lakini akija mrushaji wa kasi, tunatolewa kama watu waliofumba macho. Nabonyeza pale ninapouona mpira unadunda, na kwenye kioo linatokea neno la kuniambia nimechelewa. Nikijaribu kutangulia, naambiwa nimewahi. Wiki iliyopita tulitolewa wote kwa mikimbio 41, yaani alama 41, na warushaji wao wa taratibu walikuwa hata hawajaitwa.

Kuna na mengine ya kuudhi. Mpigaji mwenzako wa upande wa pili huitika mwito wa kukimbia akiwa amechelewa nusu ya njia, na wewe ndiye unayetolewa. Watangazaji wana sentensi chache ambazo sasa hata mke wangu, aliye jikoni, anazimalizia. Stima ikikatika katikati ya mechi, mechi imekwenda. Na Kenya haimo kabisa, jambo lililomuumiza ami kuliko yote.

Swali langu ni hili: je, tupunguze kiwango cha ugumu, jambo ambalo ami amelikataa, au mchezo wenyewe una kasoro na tutafute mwingine? Au ni sisi ambao hatujui kupiga?

---

Fundi wa Langoni (Lamu):

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla hujauza diski wala hujamlaumu ami, ikague runinga yako. Mimi hutengeneza runinga, redio na simu, na hilo neno lako moja, kwamba wa taratibu mnawamudu na wa kasi wanawashinda, limenionyesha pa kutazama.

Runinga za siku hizi haziitoi picha moja kwa moja kama inavyoingia kwenye waya. Huipokea, huilainisha, hukoleza rangi, huongeza picha za katikati ili mwendo uonekane laini, ndipo huionyesha. Kazi hiyo yote huchukua muda, na katika runinga nyingi muda huo unaweza kufika au hata kuzidi milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukitazama habari au tamthilia hutaujua ucheleweshaji huo, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa sawasawa na picha. Hata ukicheza kandanda utaona uzito kidogo, basi. Kwenye kriketi mambo ni mengine.

Hebu tupige hesabu. Mpira unaorushwa kwa kilomita 140 kwa saa huenda karibu mita 39 kila sekunde. Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20 na kitu kidogo, kwa hiyo mpigaji ana nusu sekunde hivi kuanzia mpira unapotoka mkononi. Runinga ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ule mpira unaouona ukidunda, ndani ya mashine umekwisha kusogea mbele karibu mita nne na uko juu ya gongo. Wewe unapiga kivuli cha mpira uliokwisha kupita. Ndiyo maana unaambiwa umechelewa, na ukiamua kutangulia unakuwa hupigi tena kwa kuona bali kwa kubahatisha, na bahati haiwezi kukaa nawe ova nzima, yaani mipira sita.

Kwa mrushaji wa taratibu, tuseme wa kilomita 80 kwa saa, mpira hukaa hewani karibu mara mbili ya muda ule, na unapata nafasi ya kurekebisha bila hata kujua kwamba unarekebisha. Kosa lipo lile lile, ila linafichika.

Dawa yake ni hii. Fungua mipangilio ya runinga, si ya mashine ya gemu, uende kwenye sehemu ya picha, na humo utakuta chaguo la hali ya gemu. Runinga nyingine huliweka mbele, nyingine hulificha ndani ya chaguo la tatu au la nne, na nyingine huliruhusu kwenye tundu moja tu la waya wa HDMI, kwa hiyo jaribu matundu yote. Picha itapauka kidogo, usijali. Zima pia kila kinachosema kinalainisha mwendo. Ukimaliza, ingia kwenye uwanja wa mazoezi, mchukue mrushaji mmoja wa kasi, upige mipira hamsini bila kuhesabu mikimbio, mpaka vidole visahau desturi ya zamani.

La pili ni padi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Sisi tunaishi na chumvi hewani, na chumvi huingia chini ya vile vijiti viwili ikala mguso wa ndani. Kijiti kikianza kujivuta chenyewe upande mmoja, mpigaji wako atapiga upande usiouchagua na utadhani ni kosa lako. Hapa dukani naletewa nyingi msimu wa kusi. Usimwagie mafuta ya aina yoyote. Hufunguliwa, husafishwa kwa spiriti safi, huachwa ikauke vizuri. Usiilaze usiku dirishani penye upepo wa bahari. Iweke ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kuhusu stima sina la ajabu: hifadhi mchezo mwisho wa kila ova kama diski yenu inaruhusu, na ukipata betri ya akiba ya kompyuta, ile inayoshika umeme kwa dakika chache, inatosha kuhifadhi na kuzima kwa heshima.

---

Mwalimu wa Shela (Lamu):

Fundi amesema kweli, na mimi mwenyewe niliporekebisha runinga yangu niliona tofauti. Lakini kijana wangu, naomba niseme kwa upole kwamba mikimbio 41 haitokani na runinga peke yake. Nilifundishwa jambo hili na wanangu wawili wakati wa likizo ya Desemba, au tuseme tulifundishana, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma sheria na wao ndio waliokuwa na vidole vyepesi.

Wanaotoka kwenye kandanda huamini kwamba kila mpira ukija ni lazima ufanyiwe jambo. Katika kriketi mpira unaopita nje ya wiketi haukudai chochote. Kuuacha ni pigo halali, tena ni pigo gumu, na gemu nzuri za kriketi hukupa kitufe chake kwa sababu hiyo. Tazama ule mtego wa ami yako: mipira mitano nje, wa sita ndani. Mashine inawafanyia nyinyi jambo lile lile, na nyinyi mnanyoosha mikono kama yule mpigaji mnayemcheka.

Mimi na wanangu tuliweka sharti. Katika ova tatu za mwanzo, mpira usioelekea kwenye wiketi haupigwi, hata ukija umejileta wenyewe. Siku ya kwanza mdogo wao alilia. Siku ya tatu alibaki uwanjani mpaka ova ya kumi na nne, na mpira ulipochakaa na warushaji wa kasi walipochoka, maana mashine huwachosha kweli na kasi yao hushuka, mikimbio ilikuja yenyewe.

Jambo jingine ni mguu. Watu hufikiria gongo kwanza, na hilo ni kosa. Amua mguu kabla ya pigo: mpira unaodunda karibu nawe, songa mbele uufikie, unaodunda mbali, rudi nyuma uungojee. Ukikosea mguu, hata ukibonyeza kwa wakati sahihi kabisa, mpira utagusa ukingo wa gongo na kuishia mikononi mwa mdakaji. Katika mchezo tunaoucheza sisi, mguu na pigo viko kwenye vijiti viwili tofauti, na kwa wiki nzima nilikuwa nikivisukuma pamoja bila kujua kwamba cha mguu hutangulia.

Na kuhusu kiwango cha ugumu, simwelewi ami, kwa heshima zote. Ikiwa gemu yenu inaruhusu kutenga ugumu wa kupiga na ugumu wa kurusha, teremsheni wa kupiga hatua moja na muuache wa kurusha ulipo. Hata anayejifunza kuogelea haanzii kwenye mkondo.

---

Nahodha wa Matondoni:

Mimi nacheza kwenye simu na sina malalamiko hayo yote. Kioo kiko mkononi, hakicheleweshi, stima ikienda naendelea, na mechi ya ova tano inakwisha kabla jahazi halijafika gatini. Kwa nini msifanye hivyo?

---

Mwalimu wa Shela (Lamu):

Nahodha, ya simu ni nzuri na nimeicheza. Lakini katika zile nilizozijaribu mimi, karibu kila mpira unakwenda mpakani, na mrushaji hana la kufanya zaidi ya kungoja apigwe. Mtu aliyeuonja mtego wa mipira mitano hataridhika hapo. Isitoshe, matangazo yanayoingia kati ya ova na ova yanakula bando kuliko mchezo wenyewe.

---

Mzee wa Maweni (Malindi):

Nimesoma yote kwa furaha, na nitalishika lile alilolitaja kijana mwishoni, la Kenya kutokuwamo, kwa sababu naona mmelipita.

Ami yako ana haki ya kuumia. Watu wa umri wetu tunakumbuka kwamba tarehe 29 Februari 1996, kwenye Kombe la Dunia huko Pune, India, timu ya Kenya chini ya Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies nzima, timu ya visiwa vya Karibi, kwa 93, na Brian Lara, mpigaji wao mashuhuri, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2003 nilikuwa nikifanya kazi Nairobi, na tarehe 24 Februari, pale uwanja wa Gymkhana, Collins Obuya aliiangusha Sri Lanka kwa kuchukua wiketi 5, yaani kuwatoa wapigaji watano, akitoa mikimbio 24 tu. Mwezi uliofuata tulicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na India kule Durban, Afrika Kusini, Steve Tikolo akiwa nahodha. Mtoto anayewasha mchezo leo na kuikosa Kenya hatajua kwamba hayo yalitokea.

Sababu yake ni ruhusa. Mtengenezaji hulazimika kukubaliana na vyama vya kriketi ili atumie majina na jezi, na wengi huzikimbilia nchi zenye watazamaji wengi. Hata Cricket 07, gemu ya mwaka 2006 ambayo hadi leo ina wapenzi wanaoitengenezea jezi na majina mapya, ilikuwa na ruhusa kamili ya Australia na Uingereza tu. Nasi Kenya hadhi yetu ya mechi rasmi za siku moja ilikwisha mwaka 2014, kwa hiyo hatupewi kipaumbele.

Lakini usikate tamaa. Mwaka huo huo wa 2014, Don Bradman Cricket 14, iliyotengenezwa na Big Ant Studios ya Melbourne, ilikuja na chuo cha kuunda wachezaji na timu na kuwagawia wengine kwa mtandao, na gemu zilizofuata za watengenezaji hao zimeuendeleza utaratibu huo. Tafuta kwenye diski yenu kama kuna sehemu ya kuunda timu. Kama ipo, msipakue ya watu. Iundeni wenyewe, ami akisema na wewe ukiandika.

Anzeni na Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mrushaji wa taratibu wa mkono wa kushoto. Alikuwa amekwisha kustaafu, akaitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003 akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, Durban, mbele ya Australia iliyokuwa haijashindwa na mtu kwenye mashindano yale, alirusha ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3, na ova 6 kati ya hizo hazikupatikana mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda mechi, lakini yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa siku.

Mtakapomuunda, msimpe kasi wala mzunguko mkubwa. Mpeni usahihi wa juu kabisa, kwa sababu ndio uliokuwa silaha yake. Hapo ndipo mtakapouona udhaifu mmoja wa mashine ambao haujatajwa: mpigaji wa mashine akibanwa ova mbili tatu bila mkimbio, mara nyingi huvunja subira na kurusha gongo hovyo. Mpigaji wa kweli angeweza kungoja. Mimi hilo hunipunguzia raha, kwa sababu wiketi inayokuja kwa mtu kujitupa haina utamu wa ile uliyoitafuta.

---

Mwana wa Barani (Malindi):

Shikamoo Mzee wangu, shikamoo Mwalimu, na shukran nyingi kwako Fundi. Nahodha, nawe ahsante; nimeiweka ya kwenye simu kwa ajili ya safari.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza tujaribu. Hali ya gemu niliikuta imefichwa mahali pa ajabu, chini ya chaguo la majina ya matundu ya waya: ilibidi tundu lenyewe lipewe jina la mashine ya gemu ndipo chaguo litokee. Picha ilipauka kama ulivyosema. Nilimwekea ami mrushaji wa kasi kwenye uwanja wa mazoezi bila kumwambia nimebadilisha nini. Mpira wa kwanza alichelewa, wa pili aliwahi mno kwa mazoea yale ya kubahatisha, wa tatu ukagonga katikati ya gongo. Mlio wa mpira uliopigwa sawasawa ni tofauti, na hatukuwa tumeusikia kwa miezi saba dhidi ya mrushaji yeyote wa kasi. Aliniomba nisiseme kitu, akapiga mingine ishirini.

Ijumaa baada ya sala ya Isha tulicheza mechi ya ova 20. Sharti la Mwalimu tulilishika, ingawa ami alitaka kulivunja kwenye mpira wa nne na nikamzuia kwa mkono. Tulipata mikimbio 118 kwa wiketi 7. Kiwango cha ugumu hakikuguswa, Mwalimu; nilimsomea maneno yako, akasema anakuheshimu sana, ila hapana.

Sehemu ya kuunda timu ipo. Usiku wa jana tumemuunda Aasif Karim, na kazi hiyo ilichukua saa mbili, kwa kuwa ami hakukubali mwendo wa mbio zake uwe ule wa kwanza ulioletwa na mashine. Alisimama katikati ya sebule, kikoi amekikunja, akanionyesha hatua zinavyohesabiwa na mkono wa kushoto unavyopanda karibu na sikio, mara tatu, mpaka nilipopata mwendo unaofanana. Tikolo na Odumbe tutawaunda wiki hii, na Thomas Odoyo, mchezaji mwenzao wa Kenya, baada yao.

Mwenzetu wa upande wa pili bado hakimbii akiitwa, na hilo naona hatuna dawa yake. Sasa tunamwita kwa mipira iliyo wazi tu. Fundi, kijiti cha kushoto cha padi kinajivuta hasa kama ulivyoeleza, kinampeleka mpigaji upande wa mguu, yaani ule ulio nyuma ya miguu yake. Nina mzigo wa nyavu wa kuleta Lamu Jumatano, kwa hiyo nikishavuka Mokowe nitakuja nayo dukani kwako Langoni, ikiwa ndani ya kopo lenye mfuniko. Ami anauliza kama itakuwa tayari kabla ya Ijumaa.